Kupiga mikoani: Ubebe vyombo au ukodi huko huko?

UKITAKA kujua bosi wa bendi ni nani, usimwangalie anayeimba. Wala usimwangalie yule jamaa aliyevaa miwani ya jua saa sita usiku, kazungukwa na wapambe. Subiri muziki uishe, watu waanze kugombea bodaboda, halafu angalia nani anasimama nyuma ya lori akihesabu maboksi. Huyo ndiye bosi, au katumwa na bosi.

Mwanamuziki wa Bongo akisema 'vyombo' hana maana ya masufuria. Anazungumzia magitaa, kinanda, tumba, dramu, mixa, amplifaya, spika, maiki na lile furushi la nyaya ambalo halijawahi kukunjwa vizuri tangu linunuliwe. Kwa miaka mingi mwenye vyombo hivyo ndiye aliyekuwa mwenye bendi, na wanamuziki walikuwa waajiriwa tu, kama makarani. NUTA Jazz ilipoanza mwaka 1964 ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, 'Sikinde' yenyewe, iliyozaliwa 1978, ikaja kuwa chini ya DDC, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Na marehemu Remmy Ongala je? Kituo cha Sinza 'kwa Remmy' tunakijua wote, makonda wanakiimba kila siku. Lakini wangapi wanajua kwamba jina la bendi yake, Super Matimila, lilikuwa la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo? Remmy aliimba mpaka Ulaya, jina likabaki la mwenye spika!

Ndiyo maana mwaka 1985 Hugo Kisima alipounda International Orchestra Safari Sound, aliweza kuwachukua Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake kutoka Sikinde, mji ukabaki mdomo wazi. Wanamuziki wale hawakuhama na vyombo, maana havikuwa vyao. Walihama na vidole na koo zao, vyombo wakavikuta upande wa pili.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Vijana wanachangishana, mmoja anauza pikipiki, mwingine anakopa kwenye kikoba cha mama yake, wananunua mixa ndogo na zile spika zenye amplifaya humo humo ndani. Wanapiga kwenye baa za Sinza na Mbezi, wanapata posho, wanaitana 'wakurugenzi'. Safi kabisa. Kasheshe linaanza siku simu inapoita kutoka Mwanza: "Bro, nimeona video yenu. Njooni mtupigie Jumamosi, mji umelala huku."

Hapo wote wanaruka kwa furaha. Wanasahau kuulizana swali moja tu: vyombo tunabeba au tunakodi huko? Mimi nimefuatana na bendi za Dar kwenye ziara za mikoani zaidi ya mara moja, nikiwa mwandishi, ingawa ukishapanda lori la vyombo hakuna mwandishi. Unabeba kama wengine. Na nakuhakikishia, msomaji wangu, swali hilo limeua bendi nyingi kuliko wanawake na pombe.

HESABU YA LORI

Tuchukue karatasi. Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Tuseme 1,150 kwa hesabu rahisi. Umekodi Fuso la kubeba vyombo, na tuseme linakwenda kilomita nne kwa lita moja likiwa na mzigo. Kwenda tu ni lita karibu 288. Kwenda na kurudi, lita 575. Ukipiga dizeli kwa shilingi 3,000, hiyo ni sh. 1,725,000, na hujamlipa mwenye lori senti.

Sasa geukia mlangoni. Tuseme ukumbi umepata watu 300, ambao kwa bendi isiyo na jina kubwa ni watu wengi sana, na kiingilio ni sh. 10,000. Mmeingiza milioni tatu. Promota kasema nusu kwa nusu. Chenu ni milioni moja na nusu. Yaani mmejaza ukumbi, mmetoa jasho mpaka asubuhi, watu wametuzwa jukwaani, halafu mnadaiwa laki mbili na ishirini na tano za dizeli! Hapo hamjala, hamjalala, mwenye Fuso hajalipwa na dereva hajapata hata ya soda.

Wakongwe waliliona hilo zamani, ndiyo maana hawakuwa na mchezo wa kwenda Mwanza kupiga siku moja. Waliifanya ziara. Leo Morogoro, kesho Dodoma, keshokutwa Singida, kisha Shinyanga, mnaingia Mwanza wikiendi. Gharama ya lori inagawanyika. Kwenye karatasi inapendeza mno. Lakini nani anatoka kwenda dansini Singida siku ya Jumanne? Na tarehe 17 ya mwezi, mfanyakazi gani ana mshiko? Bendi inayojua maisha inapanga ziara ianzie tarehe 25 na iishe kabla ya tarehe 5. Ukitoka nje ya hapo unawapigia wahudumu wa baa.

Tena kuna uzito. Boksi moja la besi lenye spika mbili za inchi 18 linaweza kufika kilo 80 na kuzidi. Bendi kubwa ina manne. Yanashushwa saa kumi jioni, yanapandishwa saa tisa usiku, na siku ya pili hivyo hivyo. Vijana wa kupanga vyombo ndio wanaolipwa kidogo kuliko wote, na wote tunawasahau tukitaja majina jukwaani. Mtaje mpiga tumba, mtaje mcheza shoo, mtaje mpaka mke wa promota. Aliyebeba boksi la besi kutoka ghorofa ya pili hatajwi.

VYOMBO VIKISHIKILIWA

Kuna jambo mashabiki hawalioni kabisa. Vyombo ndiyo mali pekee ya bendi ikiwa safarini, kwa hiyo ndivyo vinavyokamatwa mambo yakienda kombo.

Nililiona kwa macho yangu kwenye mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Bendi sitaitaja, wala gesti sitaitaja. Mvua ilianza saa moja jioni, ikanyesha kama imelipwa. Walioingia ukumbini hawakuzidi sitini, tena nusu yao walikuwa na kadi za bure. Promota alikuwepo mpaka saa tano. Akasema anafuata hela nyumbani. Ndugu yangu, akaingia mitini! Simu ikawa 'haipatikani kwa sasa', na mpaka leo nadhani haipatikani.

Asubuhi mama mwenye gesti akatoka na daftari lake. Watu kumi na wanne, siku tatu, na chai. Hakupiga kelele. Alisema kwa upole, "Wanangu, mimi sina ugomvi na nyie, muziki wenu mzuri. Ila hicho chumba cha stoo mlichoweka vyombo ufunguo ninao mimi."

Tulikaa siku mbili zaidi, na deni likawa linaongezeka kila tunapolala, maana hakuna pa kwenda. Kiongozi wa bendi akapiga simu Dar mpaka salio likaisha. Mwishowe wakakubaliana: bendi iache kinanda na amplifaya mbili, iondoke na vilivyobaki. Jumamosi iliyofuata walipiga Dar bila kinanda. Mpiga solo alijitahidi kuziba mapengo, lakini watu wa Dar masikio yao si ya kudanganya. Kinanda kilikombolewa baada ya wiki tatu. Kiliporudi, mpigaji wake alikuwa keshaanza kupiga deiwaka kwenye bendi nyingine ya hotelini, na hakurudi. Chombo kikarudi, mtu akaenda. Bendi ile haikumaliza mwaka.

Tangu siku ile nikawa nauliza kila bendi ninayokutana nayo. Kuachwa na vyombo gesti si habari mpya hata kidogo, wakongwe wanacheka tu. Mmoja aliniambia bendi yao ilikuwa na boksi moja bovu walilolibeba makusudi kwa kazi hiyo: likidaiwa deni, wanaliacha. Sijui kama ni kweli, lakini nililipenda wazo lenyewe.

USIKU BARABARANI

Mkataba wa lori mara nyingi ni wa siku. Kila siku inayoongezeka ni hela. Kwa hiyo muziki ukiisha saa tisa usiku, vyombo vinapakiwa, na saa kumi mko barabarani. Dereva amekesha kama nyie, pengine kakesha kaunta. Vijana wa vyombo wamelala juu ya maboksi, chini ya turubai, kwa sababu kwenye Coaster nafasi ni za 'wasanii'. Nikikumbuka tulivyokuwa tunashuka mlima Kitonga tukiwa vile, mwili unasisimka.

Orodha ya wanamuziki wetu waliokufa barabarani ni ndefu. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, jina lake likiwa juu Afrika Mashariki nzima. Machi 2011 kundi la Five Stars Modern Taarab lilikuwa linarudi Dar kutoka kwenye maonyesho mkoani Mbeya. Usiku, maeneo ya Mikumi, likapata ajali, watu 13 wakapoteza maisha. Kundi zima la taarab kama limefutwa kwa kifutio. Sisemi vyombo ndivyo vilivyosababisha ajali hizo. Ninachosema ni kwamba kila lori la vyombo linalowahi kurudishwa kwa mwenyewe linaweka watu waliochoka barabarani saa mbaya kuliko zote. Kama sababu ya kuondoka usiku ni kuokoa hela ya lori ya siku moja, basi kuna njia ya kufanya lori lenyewe lisiwepo.

Njia hiyo ni kukodi huko huko unakokwenda. Usishangilie bado. Nako kuna mambo yake.

'WATI ELFU TANO, KAKA!'

Kila mji wa mkoa una mtu wa vyombo. Anaishi kwa harusi, send-off, misiba mikubwa na mikutano ya Injili. Ukimpigia simu atakwambia, "Kaka, mimi nina wati elfu tano, utapasua ukumbi." Namba hiyo kweli imeandikwa kwenye boksi, tena kwa maandishi makubwa. Ila ni wati za kishindo cha nukta moja. Wati ambazo spika inaweza kuzibeba usiku kucha bila kuungua mara nyingi ni nusu ya hapo, au robo. Usimuulize wati. Muulize ana spika ngapi, za inchi ngapi, na mixa yake ina chaneli ngapi.

Hilo la chaneli ndilo linalowaua wengi. Harusi inahitaji maiki ya MC na waya wa kompyuta ya DJ, basi. Bendi ya kawaida ina waimbaji wanne, magitaa matatu pamoja na besi, kinanda kinachokula tundu mbili, tumba mbili, na dramu ambazo hata ukibana sana zinataka maiki nne. Jumlisha: kumi na tano. Yeye ana mixa ya chaneli nane na mbili kati yake zinakoroma. Hapo mnaanza kupimana nani hasikiki. Siku zote anayeumia ni mpiga tumba.

Halafu kuna fundi wake. Fundi wa mwenye vyombo haruhusu mtu aguse mixa, na simlaumu, maana kikiungua kitu anakatwa yeye. Tatizo linakuja mashabiki wanapopiga kelele "sautiii!" naye anaunganisha maboksi mengine mawili ili kuwaridhisha. Hapa ndipo panapohitaji shule kidogo. Spika nyingi ni za om 8. Ukiunga mbili kwenye tundu moja la amplifaya, mzigo unakuwa om 4, na amplifaya nyingi zinavumilia. Ukiunga nne, unafika om 2, na hapo amplifaya nyingi zinaanza kuchemka. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo mashine inavyokamuliwa. Nimeona moshi unatoka nyuma ya amplifaya wakati mwimbaji anaimba wimbo wa mapenzi, watu wakadhani ni madoido ya jukwaa, wakashangilia!

Umeme nao usiudharau. Umeme wetu ni volti 230, lakini kwenye ukumbi wa mwisho wa laini, waya mwembamba, taa zote zimewashwa, kipimo kinaweza kukuonyesha 180. Gitaa litavumilia. Kinanda kitazima na kuwaka chenyewe kama kina pepo, na kila kikiwaka kinarudi kwenye sauti ya kwanza ya piano, hata kama mlikuwa katikati ya sebene. Mkihamia kwenye jenereta, uliza imeunganishwa na nini kingine. Jenereta ya kVA 5 inatoa kama kilowati nne hivi, na hizo zingetosha bendi ndogo vizuri tu. Ila mwenye baa keshachomeka friji tatu na taa za jiko la nyama choma. Kila friji likiamka, muziki unasinzia.

Kubwa kuliko yote ni shoti. Mwimbaji ameshika gitaa linalotoka kwenye amplifaya iliyochomekwa upande huu wa ukumbi, anasogeza mdomo kwenye maiki inayotoka kwenye mixa iliyochomekwa upande ule. Kama nyaya za ardhini hazipo au zimekatwa, mwili wake ndio unakuwa waya. Nimeona mtu mzima akirushwa hatua mbili nyuma na midomo ikavimba. Wengine wanavalisha maiki sponji ili midomo isiguse chuma, ambayo ni sawa na kuvaa kofia mvua ikinyesha ndani ya nyumba. Dawa yake ni kuchukua umeme wa jukwaa lote kutoka sehemu moja yenye waya wa ardhini unaofanya kazi, na fundi kupima kwa testa kabla mtu hajapanda. Dakika kumi tu. Watu wanakufa kwa kukosa dakika kumi.

Na ratiba ya mwenye vyombo usiichukulie poa. Desemba Moshi ni mwezi wa harusi, kipaimara na watu kurudi nyumbani; ukitaka spika wiki ya Krismasi uwe umeziwekea hela mapema, la sivyo utaambiwa zote ziko Rombo kwenye sherehe. Mwaka wa uchaguzi ndiyo balaa kabisa. Kampeni zikianza, kila spika yenye uhai inafungwa juu ya gari la mgombea, na mgombea analipa vizuri kuliko nyie.

KILICHO CHAKO KIBEBE

Baada ya kuona yote hayo, msimamo wangu ni huu, na najua wapo mafundi watakaonibishia kijiweni: kizito kodi, kinachogusa mwili wa mwanamuziki beba.

Maiki kwanza. Shure SM58 iko sokoni tangu mwaka 1966 na bado ndiyo inayoimbiwa kila pembe ya dunia, ndiyo maana feki zake zimejaa. Nunua ya kweli, weka jina lako kwa rangi, isikutoke. Maiki ni kama mswaki. Ya kukodi ina harufu ya MC wa wiki iliyopita, na ukute jana alikula kitimoto cha kitunguu. Kisha magitaa na vile visanduku vyake vya miguuni, kinanda chenye sauti mlizozizoea, sahani za dramu na pedali, nyaya za kutosha na za akiba, fyuzi, testa, tepu nyeusi, na ekstensheni mbili nene. Siku hizi kuna mixa ndogo za kidijitali zinazohifadhi mipangilio yote ya bendi. Ukifika unachomeka spika za mwenyeji, unaita mpangilio wenu wa jana, umemaliza nusu ya kazi na fundi wa watu hajaguswa mixa yake.

Mzigo wote huo unaingia kwenye buti la basi. Fuso limekufa, dizeli imekufa, na saa tisa usiku mnaweza kwenda kulala kama binadamu, mkaondoka asubuhi. Lakini simama pale stendi mpaka buti lifungwe. Mpakizi hajui kinanda ni nini. Anaona ubao mrefu unaofaa kuwekewa magunia ya viazi juu. Kama mna nafasi, kinanda kikatieni tiketi yake kikae kitini. Watu watawacheka. Wacheke. Kwa Morogoro na Dodoma kuna treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ambako gitaa halikosi pa kukaa ila boksi la besi usilipeleke hata kwa kubembeleza. Kwa ndege, tiketi nyingi zinakupa kilo 23 za begi. Pima nyumbani, maana kwenye kaunta kila kilo inayozidi ina bei yake, na foleni nzima itakuwa inawaangalia mkitoa pedali za dramu kwenye mabegi ya nguo.

Mkivuka mpaka, iwe Namanga au Horohoro, andikeni orodha ya kila chombo na namba yake ya kiwandani, igongwe muhuri wa forodha mnapotoka. Bila hiyo karatasi, siku ya kurudi mtatakiwa kueleza kwamba gitaa lenu la zamani si gitaa jipya mlilonunua Nairobi, na afisa amechoka, na nyie mmechoka.

Karatasi nyingine, ambayo vijana wetu hawaijui na ndiyo ingewaokoa, ni ile ya kutuma kabla hamjafika. Nenda Zanzibar Februari kwenye Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Ngome Kongwe tangu 2004 na linalotaka muziki upigwe laivu. Bendi zinatoka nchi za mbali, hakuna iliyokuja na boksi la besi kichwani. Wanakuja na ala za mikononi, maana mitambo ya jukwaa inawasubiri. Na inawasubiri ikiwa sawa kwa sababu walituma mapema mchoro: nani anasimama wapi, nani anataka maiki ngapi, nani anahitaji monita miguuni. Ukurasa mmoja tu. Wewe unaweza kuuchora kwa biki, ukaupiga picha, ukautuma kwa WhatsApp kwa fundi wa Mbeya wiki mbili kabla. Akisema hana kitu fulani, utajua ukiwa bado Dar.

Kuna mtu atasema, ya nini yote hayo? Msanii wa Bongo Fleva anapanda ndege na begi la nguo, DJ wake ana flashi mfukoni, wakifika wanachomeka na kuimba juu ya CD, kama tulivyozoea kusema hata baada ya CD kwisha. Kweli, na mapromota wanawapenda kwa hilo. Watu wawili, vyumba viwili, hakuna lori. Siwezi kumlaumu promota anayejua hesabu. Lakini watu wa mikoani nao wamechoka kuona mtu anahema jukwaani huku sauti yake ikiendelea kuimba. Wakipata bendi inayopiga kweli wanacheza mpaka viatu vinatoka soli, na mwakani wanawaita tena. Nafasi ipo, ila ni ya bendi inayoweza kufika bila kufilisika.

Kwa hiyo promota akipiga simu, kabla ya kuzungumzia posho, zungumzieni mitambo. Nani analipa vyombo vya kukodi? Awe yeye, na iandikwe, na malipo ya awali ya mwenye vyombo yaende moja kwa moja kwake, yasipitie kwenye mfuko wa mtu. Malazi yalipwe kabla hamjaingia chumbani. Nusu ya hela yenu iwe imeingia kwenye simu kabla hamjakata tiketi. Akianza kusema "mimi na nyie ni ndugu, tuaminiane," jueni mnaongea na yule jamaa wa mvua.

Na mkifika, fundi wenu asiingie ukumbini kwa majivuno ya Dar. Amsalimie fundi mwenyeji, amnunulie chakula, wakae pamoja kwenye mixa. Yule bwana kafunga harusi mia moja kwenye ukumbi ule. Anajua soketi ipi imekufa, ipi inapiga shoti, na ni saa ngapi mwenye baa huwasha friji la tatu. Muulize kabla hujachomeka chochote.